Gia za oto milimani: lini utoke D, lini uingie S, na namna ya kushuka Kitonga bila kuunguza breki

Ukienda kununua SUV la oto lililotoka Japani, muuzaji atakuonyesha kamera ya nyuma, redio na viti vya ngozi. Akifika kwenye mkono wa gia anamaliza kwa sentensi moja: weka D, kanyaga mafuta, twende. Kwa anayezunguka Dar es Salaam, sawa. Kwa anayeshuka mlima Kitonga, mkoani Iringa, na familia ndani, au anayetoka Uyole kwenda Tukuyu, mkoani Mbeya, mvua ikinyesha, sentensi hiyo ina upungufu, na upungufu wenyewe uko zaidi kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda.

Mwongozo huu ni wa mwenye Harrier, Prado, X-Trail, Forester, CX-5 au gari la aina hiyo, ambaye ameziona herufi S, M, L au B karibu na D na hajawahi kuzigusa. Ziguse bila woga. Kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000, kompyuta ya giaboksi hukataa gia ambayo ingeizungusha injini kupita kiasi: unasikia mlio mdogo, gari linabaki kwenye gia iliyopo. Usichopaswa kugusa gari likiwa kwenye mwendo ni R na P.

Hatua ya 1: Zijue gia zako kwa namba

Chukua giaboksi ya Toyota aina ya A340, yenye gia nne, iliyofungwa kwenye magari mengi ya kampuni hiyo miaka ya 1990 na 2000. Gia ya kwanza ina uwiano wa 2.8, ya pili 1.53, ya tatu 1, na ya nne kama 0.7. Kwenye gia ya kwanza injini inazunguka mara 2.8 ndipo shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Kwenye ya nne mambo yanageuka: shafti inaizidi injini mbio. Hiyo ya nne ndiyo overdraivu, gia ya kubana mafuta kwenye tambarare za Usangu. Ubavu wa mlima haina.

Tupige hesabu kidogo. Tairi la 265/65R17, saizi ya kawaida kwenye Prado, likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.4. Ukiwa kwenye spidi 60 unakata mita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo tairi linazunguka kama mara 417. Difu, yaani gia za kwenye ekseli, tuipe uwiano wa 4. Mizunguko ya injini kwa dakika itakuwa hivi: gia ya nne karibu 1,170, ya tatu 1,670, ya pili 2,550, ya kwanza 4,670. Spidi ni ile ile 60. Kwenye 1,170 injini inakokota. Kwenye 2,550 inavuta. Na ukiachia mafuta kwenye mteremko, ile ya 1,170 haikuzuii hata kidogo, wakati ya 2,550 inakushika.

Magari yenye gia nyingi yana tabia tofauti. Giaboksi ya ZF ya gia 8, iliyomo kwenye BMW X5 za kuanzia 2010, inaanza karibu 4.7 na kuishia 0.67, na kutoka gia moja hadi nyingine ni hatua fupi. Ukirudisha gia moja tu unaweza usihisi kitu, ukadhani mkono haufanyi kazi. Rudisha mbili au tatu.

Hatua ya 2: Jua D inaamua kwa kuangalia nini

Ukiwa kwenye D, kompyuta inasoma zaidi vitu viwili: spidi ya gari na jinsi ulivyokanyaga mafuta. Magari ya karibuni hukisia pia kwamba kuna mlima, kwa kulinganisha nguvu inayotumika na mwendo unaopatikana. Lakini haya tunayoendesha wengi wetu hayaoni kona, wala hayaoni semi lililojaa mbolea likitambaa mbele yako. Yanasubiri mguu wako useme, ndipo yaamue. Ukiona kona kabla yao, na kila mara unaiona kabla yao, wewe ndiye mwenye taarifa sahihi.

Ndiyo maana gia huhangaika milimani. Unakanyaga, gari linarudi gia ya tatu. Linapata mwendo, unalegeza mguu, linaruka kwenda ya nne. Mwendo unakufa, unakanyaga tena. Kila badiliko hilo linazalisha joto ndani ya oili ya giaboksi, na joto ndilo linaloua giaboksi nyingi za oto.

Halafu kuna suala la huku kwetu. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700. Harrier ya 2.4 iliyotoka kiwandani na hosipawa 160 inabaki na kama 133 ikifika Mwanjelwa, na ukiipandisha uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, imeshuka chini ya 120. Nina hakika kuna plagi, filta na pampu za mafuta nyingi ambazo zimebadilishwa mjini Mbeya bure kabisa, kwa gari ambalo kosa lake lilikuwa kuhama kutoka Pwani. Dawa ya kwanza ya gari la namna hiyo ni gia ndogo, gereji baadaye.

Hatua ya 3: Soma mkono wa gari lako

Simama, injini ikiwa imezimwa, uangalie herufi zako.

3, 2 na L zinaweka mpaka wa juu. Ukiweka 2, gari litatumia ya kwanza na ya pili, halitapita hapo. L ni ya kwanza au gia ndogo kabisa.

Kitufe cha O/D kinafungia overdraivu. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gia ya juu kabisa inazuiwa. Wapo wanaoiona taa hiyo wakadhani gari ni bovu.

S kwenye Toyota nyingi inaonekana kama gia za kuchagua mwenyewe, lakini si hivyo hasa. Kwenye Prado 150, kwa mfano, ukivuta mkono kwenda S na dashibodi ikaandika 4, haimaanishi uko gia ya nne. Inamaanisha gari linaruhusiwa kutumia ya kwanza hadi ya nne. Linaweza kuwa kwenye ya pili muda huo. Namba hiyo ni dari. Mwenye gari asiyelijua hili huona 4 tangu Ilula mpaka chini, akaamini anashuka na gia ya kati, kumbe bado yuko juu mno.

M ni tofauti. Kwenye Mazda, BMW na Subaru namba ya M ni gia yenyewe. Na angalia upande: kwenye Toyota na Subaru unasukuma mbele kuongeza gia, kwenye Mazda na BMW unasukuma mbele kupunguza. Anayebadilishana magari na shemeji yake inafaa ajaribu hilo kwanza kwenye barabara tupu.

B ni ya hibridi, kwa ajili ya mteremko. PWR au SPORT ni kitufe cha kubadilisha tabia ya gari zima, na SNOW, ambayo huku watu huicheka kwa kuwa hatuna theluji, tutaihitaji mbele kidogo.

Hatua ya 4: Sport inafanya nini hasa

Sport haiongezi hata hosipawa moja. Injini ni ile ile. Kinachobadilika ni lini gia inabadilishwa na jinsi mguu wako unavyosikilizwa. Kwenye D ya kawaida gari lina haraka ya kupanda gia ili kubana mafuta. Kwenye sport linakaa na gia muda mrefu zaidi, linaacha injini ipande, na linarudisha gia mapema unapokanyaga. Pedali ya mafuta nayo inakuwa nyepesi: nusu ya mkanyago inapewa majibu ya robo tatu. Hapo ndipo watu wanaposema gari limepata nguvu. Limeacha uvivu tu.

Faida yake kubwa kwetu ni kwamba inakata ule usumbufu wa kuhangaika kati ya gia mbili mlimani. Hasara yake ni mafuta, na kelele. Foleni ya Kabwe, Mbeya mjini, haina haja ya sport, na barabara ya lami tambarare haina haja pia. Sioni sababu ya kuiwasha mjini kabisa, labda ya kujionyesha.

Hatua ya 5: Kupanda

Tuseme unatoka Dar es Salaam. Umepita Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa kandokando ya barabara, na baada ya Mahenge ukuta wa Kitonga unajitokeza mbele. Hapo, barabara ikiwa bado haijainuka, bonyeza sport au weka S. Usisubiri gari lianze kukata pumzi katikati ya kona.

Kisha angalia mshale wa mizunguko. Kwenye injini ya petroli isiyo na tabo, mlima wa namna hiyo unataka mshale ukae kati ya 2,500 na 4,000. Ukiona uko 1,500 na mguu wako umezama, uko gia kubwa mno. Gusa minasi (alama ya − ya kupunguza gia) mara moja, mshale uruke, usikie injini imebadilisha sauti kutoka kukoroma kwenda kuvuma, na mguu wako urudi juu kidogo wenyewe. Hiyo ndiyo gia ya mlima huo. Iache hapo.

Mbele kuna semi linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Usijaribu kulipita Kitonga kwenye kona, hata uwe na injini ya namna gani. Tulia nyuma, ukiacha nafasi ya kutosha, gia ndogo. Watu wengi hushangaa: injini inapiga kelele zaidi lakini haichemki. Sababu ni kwamba pampu ya maji inazunguka haraka zaidi, na toki konveta, kile chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi, inateleza kidogo kuliko ikiwa gia kubwa, kwa hiyo haipiki oili sana. Gari linaloungua mlimani mara nyingi ni lile linalokokota gia kubwa.

Pakitokea pa kupita kwa halali, barabara imenyooka na unaona mbali, gia iwe imerudi kabla hujatoa gari pembeni. Kukanyaga mafuta hadi chini kukiwa na D pia hurudisha gia, ila kwa kuchelewa, na ule uchelewaji ukikukuta tayari uko upande wa pili ni mrefu sana.

Ukisimamishwa mlimani, shika breki. Kulizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, kama wanavyofanya wenye klachi, kunachemsha oili ya giaboksi kwa dakika chache. Na ukiegesha kwenye mwinuko, vuta handibreki kwanza, achia breki ya mguu gari litulie, ndipo uweke P. Vinginevyo uzito wote unaning'inia kwenye kipande kimoja cha chuma ndani ya giaboksi.

Hatua ya 6: Kushuka

Hapa sitakwenda haraka.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. SUV la tani mbili likishushwa mlima mrefu kwa breki peke yake, joto halipati muda wa kutoka. Kwanza pedi zinapoteza mshiko. Kisha oili ya breki inaweza kuchemka. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini hufyonza unyevu, na ikishazeeka inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Ikichemka inatoa mapovu, pedali inazama mguuni kama haijashika kitu. Simama chini ya Kitonga uangalie magari yanayotoka Ilula: utanusa ile harufu kali ya pedi zilizoungua kabla hujaliona gari lenyewe, na tone la maji likidondokea rimu ya mbele linakauka kwa kuchemka.

Kwa hiyo fanya hivi.

Juu ya mteremko, kabla barabara haijainama, punguza mwendo kwa breki mpaka spidi unayotaka kushukia. Kitonga, 40 ni mwendo wa mtu mwenye akili. Kisha shusha gia: S3, kisha S2, au M3, M2, au 2 kwenye mkono wa zamani. Kanuni nzuri ni kwamba gia inayolipandisha gari mlima huo ndiyo inayolishusha. Achia mafuta usikilize. Kama gari linaendelea kuongeza kasi, gia bado ni kubwa. Gusa breki upunguze mwendo, shusha nyingine.

Mshale ukipanda mpaka 3,000 au 3,500 usiogope. Injini haiteseki, inazunguka tu bila kuchoma kitu. Injini za sindano hukata mafuta kabisa unapoachia pedali ukiwa kwenye gia. Hili liwafikie wale wanaoweka fri (N) kwenye mteremko wa Iwambi wakiamini wanabana mafuta: kwenye fri injini inabidi ichome mafuta ili isizime, na gari limebaki na breki peke yake. Wanalipa zaidi na wanajiweka hatarini zaidi.

Breki bado utaitumia, lakini kwa vipindi. Acha mwendo upande kutoka 40 hadi 50, kanyaga kwa uthabiti mpaka 40, achia kabisa. Kuweka mguu juu ya pedali kidogo kidogo toka juu mpaka chini ndiko kunakounguza, hata kama kunajisikia kwa upole zaidi.

Kruzi kontroli izime. Sport ya kitufe peke yake, bila kuchagua gia, isaidie kupanda lakini usiitegemee kushuka; magari mengine hushikilia gia vizuri, mengine yakiona umeachia mafuta kwa muda yanapanda gia taratibu bila kukuuliza. Chagua namba mwenyewe.

Kwenye hibridi weka B. Betri ikijaa katikati ya mteremko, utasikia injini ikianza kuvuma yenyewe kwa nguvu. Ndivyo ilivyokusudiwa, gari limepoteza pa kuweka umeme na sasa linaizungusha injini ili ilishike.

Pedali ikianza kulainika, usizime injini, maana utapoteza msaada wa usukani na wa breki. Shusha gia moja moja mpaka ya chini kabisa, vuta handibreki polepole ukiwa umebonyeza kitufe chake, na lielekeze gari upande wa mlima, mbali na bonde. Ukishasimama, usimwage maji kwenye diski. Zikipozwa ghafla zinapinda au kupasuka. Fungua milango, kunywa chai, ziache zipoe kwa upepo.

Mahali pazuri pa kujifunza haya kabla ya Kitonga ni mlima wa kutoka Iringa mjini kushuka Ipogolo, asubuhi mapema. Kwa Mbeya, barabara ya Chunya inakupa mwinuko na mteremko wa kutosha, na kutoka Isongole kushuka mpaka Kyela utakuwa umezoea bila kutambua, kwa sababu barabara inashuka mpaka karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari.

Hatua ya 7: Utelezi na ukungu

Zima sport. Pedali nyepesi na gia ndogo juu ya matope ni tairi kuzunguka bure. Hapa ndipo SNOW inapofaa: gari linaondokea gia ya pili na mafuta yanaingia taratibu. Kwenye udongo wa Rungwe uliolowa, au Isyonje kuelekea Kitulo ukungu ukiwa umekaa chini, ndicho kitufe chako. Wakati wa kushuka kwenye utelezi bado tumia gia ndogo, ila ishushe ukiwa taratibu sana, maana kushusha gia ghafla kunaweza kuzikwamisha tairi kama vile umekanyaga breki.

Hatua ya 8: Kama gari lako ni CVT

X-Trail T31 ya 2.0, Forester nyingi za kuanzia 2012 zisizo na tabo, Vanguard ya 2.4, Harrier ya petroli isiyo na tabo ya 2013 na kuendelea: hizi hazina gia za meno za kupanda moja moja. Zina mkanda au mnyororo wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Namba unazoziona kwenye M au S ni vituo vilivyowekwa na kompyuta tu. Vitumie hivyo hivyo, vinashika mteremkoni vizuri.

Joto ni adui wa CVT zaidi hata ya giaboksi ya kawaida. Ikizidiwa kwenye mlima mrefu, hasa ikiwa imepakia mizigo na abiria, kompyuta hupunguza nguvu ili kuilinda: unakanyaga, gari linakataa. Usishindane nalo. Tafuta pa kusimama salama, weka P, acha injini iendelee kunguruma ili oili izunguke na kupoa.

Na oili isichanganywe. X-Trail T31 inataka NS-2, ile iliyoifuata, T32, inataka NS-3, Toyota za CVT zina oili yake, na giaboksi nyingi za gia za kawaida za Toyota zinatumia T-IV kwa za zamani na WS kwa za karibuni. ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za oto za gia, ndani ya CVT inaufanya mkanda uteleze, na mkanda ukishateleza unachubua puli. Fundi akikuambia oili zote za oto ni moja, funga boneti uondoke. Kama gari limenunuliwa mtumba na hujui oili iliyomo, ibadilishe kabla ya safari ya kwanza ya milimani, na uangalie iliyotoka: yenye rangi angavu au kahawia hafifu ni sawa, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni gari la kupelekwa kwa fundi wa giaboksi kabla ya kupelekwa Kitonga.